Kwato za Nyati Kigangoni

Zamani zile, watoto, wanyama walipokuwa wakisali na kupangiana zamu za kufagia kigango, kanisa lao dogo, Nyati, mwenyekiti wa jumuiya, alitupa noti ya elfu mbili mezani. Paa!

"Chukua! Faini yangu ya zamu sita hiyo. Usiniite tena."

"Mwenyekiti, sitaki elfu mbili," alisema Pimbi, katibu wa jumuiya, ambaye hakufika hata kwenye goti la Nyati. "Nataka mgongo wako uiname."

"Mimi? Nishike ufagio? Huoni pembe hizi?"

"Naziona, baba. Haya. Ila zamu ikikimbiwa na mwenyewe, hujitafutia mwingine wa kuifanya."

Nyati akacheka hadi pua zikatoa moshi.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nyati anapita zake kwenda malishoni, mara akasikia ndani ya kigango: chwaa, chwaa, chwaa.

Akachungulia. Hamna mtu. Vumbini kulikuwa na alama za kwato, kubwa, zimeingia mlangoni zikaenda hadi altareni. Za kutoka hakuna. Nyati akaweka ukwato wake juu ya alama moja. Ukaenea barabara.

"Tumsifu Yesu Kristo," sauti ikasema, nzito, kama inatoka mtungini.

"Mi... milele, amina. Nani humo?"

"Mimi Nyati."

"Nyati ni mimi!"

"Wewe ni pembe tu. Nyati ni huyu anayefagia. Kesho nakaa kwenye kiti chako."

Lo! Nyati alitimua mbio, kutu kutu kutu, hadi nyumbani.

"Mke wangu, nipe uji, sijisikii vizuri!"

Mkewe akamkodolea macho. "Uji gani tena? Si umekunywa sasa hivi? Ukaosha na sufuria, ukanichotea na maji. Nikasema, leo Mungu mkubwa, mume wangu kaamka mpya."

Nyati akatazama kichanjani. Sufuria ilikuwa imepinduliwa, bado inachuruzika maji.

"Huyo... alikuwaje?"

"Alikuwaje nini? Kama wewe. Ila mpole."

Akarudi kigangoni anatweta. Pimbi alikuwa mlangoni na ufagio.

"Katibu, nisaidie! Yuko anayeniibia jina langu!"

"Alama hizo hufutwa na mwenyewe tu, baba. Hadi chini ya mabenchi."

Nyati akapiga magoti. Chwaa, chwaa. Akafagia chini ya benchi la wajane, akatoa maganda ya karanga na tando za buibui. Jasho likamtiririka. Alipofika nyuma ya altare, ufagio ukagonga kitu. Ko! Kibuyu kilichotobolewa kitako, cha kusemea. Kando yake, ukwato wa mti, umechongwa kwa kipimo chake.

"Pimbi! Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi," alisema Pimbi bila kupepesa. "Kwa kuombwa ulikataa."

Nyati akainua pembe. Akatazama sakafu, inang'aa. Akazishusha.

"Umeniweza, mdogo wangu. Hata nyumbani ukafika, ukaosha sufuria! Mke wangu ulimdanganyaje?"

Tabasamu la Pimbi likakauka.

"Sufuria gani?"

Ukungu ulikuwa umejaa dirishani. Huko nje, upande wa kisimani, kuna aliyekuwa akichota maji. Chubwi... chubwi. Kisha hatua nzito zikaondoka polepole, kuelekea nyumbani kwa Nyati.

Nawaambia waziwazi, watoto: mbele ya Mungu, mkubwa ni anayeinama, na asiyetaka kuinama nafasi yake haikosi mtu.

Nyati akatoa noti nyingine. "Chukua, katibu. Nakuomba, mwondoe huyo."

"Noti sitaki," alisema Pimbi. "Umefagia zamu moja. Zimebaki tano. Nazitaka zote."