Kamba ya Bibi Deolinda

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, huko Ureno, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Watu wake walivua kwa juya, wavu mrefu. Mashua ililizungusha baharini, kisha kijiji kizima kikashika kamba, kikalivuta mpaka mchangani. Na sheria yao ilikuwa moja: aliyeshika kamba ana fungu lake. Mtoto ana fungu. Kikongwe ana fungu. Asiyeshika, hana.

Bibi Deolinda ndiye aliyepuliza baragumu. Buuu! Buuu! Watu wakisikia huacha vyungu jikoni, wakashuka mbio.

Basi tabibu mmoja wa mji mkuu akawaambia matajiri kuwa maji baridi ya bahari yanaponya mifupa. Wakaja! Wakaja na masanduku, wakaja na miavuli, wakaja na vijibwa vyao. Wakataka vyumba. Wanakijiji, kwa ukarimu wao wa kijinga, naam, wa kijinga, nasema mimi, wakawapa vyumba vyao, wenyewe wakaenda kulala bandani na ng'ombe. Wakataka kivuli. Wakakatiwa tanga la mashua!

Bibi Deolinda akamwuliza mwanawe, "Zeferino, unalala wapi siku hizi?"

"Bandani, mama. Ni kiangazi kimoja tu."

"Na mwaka jana ulisemaje?"

Zeferino akainama. Mwaka jana alisema hivyo hivyo.

Kiangazi cha tatu, ko! ko! ko! Vigingi vikapigwa mchangani. Aliyevipiga ni Baltasar, mkuu wa kijiji.

"Wageni hawapendi harufu ya samaki," akasema. "Juya lisivutwe hapa tena. Nendeni kule kwenye miamba."

Kwenye miamba! Juya linavutwa kwenye miamba? Si litachanika vipande vipande! Na wakati wa baridi watu watakula nini? Bibi Deolinda akamfuata mpaka penye vigingi. Huyu Baltasar alikuzwa na mama mjane, kwa fungu la kamba ile ile.

"Baltasar, mwanangu, umeingiwa na nini?"

"Ni maendeleo, bibi."

"Na hayo maendeleo yatakula nini?"

Baltasar akageuka, akaenda zake.

Bibi hakumtukana. Alilitundika baragumu ukutani, akaketi. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Wanakijiji wakala akiba yao ya samaki wa chumvi. Siku ya tatu wageni wakakaa mezani, wakagonga sahani kwa vijiko. Kwenge! Kwenge! "Dagaa wetu wa kuchoma wako wapi?"

Watazameni watu hawa! Harufu hawaitaki, samaki wanamtaka!

Baltasar akaja mbio, jasho linamtiririka. "Bibi, wageni wataondoka! Nipe japo kapu moja."

"Samaki wako baharini, Baltasar. Njia yao umeipigilia vigingi wewe mwenyewe."

"Kapu moja tu, bibi, nakusihi."

"Asiyeshika kamba?"

Baltasar akatazama chini. "Hana fungu," akajibu kwa sauti ya kitoto.

Akashuka mchangani, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mikono yake. Akang'oa cha pili. Akaving'oa vyote. Ndipo bibi akapuliza. Buuu! Buuu! Mashua ikatoka, juya likazungushwa. Watu wakamiminika kutoka mabandani, Zeferino mbele. Vuta-ee! Vuta! Baltasar akavua viatu vyake vya kung'aa, akashika kamba. Wageni nao bibi akawaonyesha kamba. Wengine wakaja na kofia zao, wakachubuka viganja, wakapata fungu. Wengine wakabaki na njaa yao.

Jioni ile Zeferino alibeba godoro lake kutoka bandani, akalirudisha chumbani kwake. Mgeni aliyekuwa humo akaruka. "Na mimi nilale wapi?"

"Bandani, bwana," Zeferino akasema. "Ni kiangazi kimoja tu."

Nanyi mnaonisikiliza, mgeni mpokeeni, mlisheni ashibe. Lakini pale mnaposimama kuvuta riziki yenu msimpe mtu, hata akiomba kwa siku moja. Hadithi yangu nimeivuta mpaka mchangani, na imeishia hapo.