Mama wa Ng'ombe na Jodari

Ndugu zangu, kabla sijafunga Biblia hii nataka niwapeleke baharini. Mlioko nyuma msiogope, hamtalowa.

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji, wa milimani kwenye baridi kama sisi. Kanisani kazi yake ilikuwa chai. Miaka na miaka, chai tu. Halafu siku moja akina mama wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wao. Yule mama hakulala! Akamwambia rafiki yake, "Dada, mimi nitaongoza nini? Sijawahi kusimama mbele za watu. Jumapili narudisha hiki cheo."

Wiki hiyo hiyo akina mama hao walikuwa na safari ya pwani. Wakakodi boti ya injini, wakaenda mbali mpaka nchi kavu haionekani, wakavue samaki wakubwa. Wanne walikuwa wazoefu, wazoefu wa bwawa la kijiji! Mnajua tunavyovua perege kule bwawani: akigusa tu chambo, unanyakua kwa nguvu zote, anatua kwenye majani nyuma yako. Sasa wakalifanya hilo baharini. Wa kwanza samaki akashika, mama akanyakua, mshipi paa! Ukakatika. Wa pili, paa! Wa tatu naye vivyo hivyo. Wa nne hata hakupata nafasi ya kunyakua, alikuwa amelala chini anatapika na kuomba arudishwe nyumbani. Msicheke, ninyi ambao hata basi la mjini linawashinda.

Ikabaki fimbo moja ya kuvulia. Nahodha akamwambia yule mama wa chai, "Mama, nishikie hii nitafute chambo." Nishikie tu! Hakumwambia vua.

Mara fimbo ikapinda. Mshipi ukaanza kutoka kwa kasi, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kinalia. Nahodha akarudi mbio. "Mama, niachie! Huyu ni jodari, atakuvuta umfuate majini!"

"Baba, kaa pembeni kidogo."

"Mama, hii si kazi yako!"

"Nimekwambia kaa pembeni."

Akakaa chini kwenye sakafu ya boti, akakanyaga ubao wa mbele kwa miguu miwili, na hakuvuta. Wenzake wanapiga kelele, "Nyakua! Nyakua!" Yeye anamwachia samaki mshipi, anaongea naye polepole: "Nenda, baba. Nenda. Dunia ni kubwa, nenda." Samaki akakimbia weee, halafu akapunguza mwendo. Hapo mama akakunja mshipi, taratibu. "Umechoka? Haya, njoo nyumbani." Samaki akakasirika, akakimbia tena. Mama akamwachia tena. Saa nzima ndugu zangu! Kitenge kimelowa chote, kilemba hakijulikani kilipo. Lakini hakuachia fimbo.

Jodari akaja juu ubavuni mwa boti, amechoka kabisa. Nahodha na msaidizi wake wakampandisha kwa shida, wanahema. Vigelegele! Hata yule aliyekuwa anatapika alisimama akapiga vigelegele, halafu akarudi kutapika.

Nahodha akamtazama yule mama kwa heshima. "Mama yangu, umevua bahari zipi wewe?"

"Bahari? Mimi bahari nimeiona jana."

"Basi nani kakufundisha?"

"Dume langu la ng'ombe. Miaka kumi na tano nampeleka joshoni kuogeshwa, na hataki. Ukivuta, anakata kamba. Anakimbia, unamwachia, anapumua, unamvuta. Huyu wako ana tofauti gani, zaidi ya kukosa pembe?"

Niambieni, ndugu zangu. Miaka ile kumi na tano kwenye matope, yule mama alijua anafundishwa? Alijua kuna Mtu anamtayarisha? Alidhani anaogesha ng'ombe!

Njiani kurudi, rafiki yake akamuuliza, "Na ile habari ya Jumapili, ya kurudisha cheo?"

Akajibu, "Sirudishi. Akina mama hawa ninawaweza."

Haleluya! Pigeni makofi, mpigieni.

Haya, inatosha. Mmempigia makofi mama wa watu. Sasa tuje kwetu. Wiki hii nimepokea vikaratasi vinne, viko hapa mfukoni mwangu. Tuliomba watu wa kufundisha watoto, wa kutembelea wafungwa, wa kuongoza kwaya. Vyote vinne vinasema, "Mchungaji, samahani, sina uzoefu." Huna uzoefu! Wewe uliyelea wajukuu sita bila baba yao, huna uzoefu na watoto? Wewe uliyemuuguza mumeo miaka minne kitandani, hujui kukaa na mtu aliyekata tamaa? Sisi tunamwambia Mungu hatukufundishwa, na Yeye ametufundisha toka asubuhi mpaka jioni, miaka yote!

Majina siyasomi. Lakini nimesimama hapa, na mfuko uko wazi. Wimbo ukianza, njooni mchukue vikaratasi vyenu.