Ufunguo wa Mzee Nyagawa

Mko tayari? Basi nipeni masikio yenu, na mkishanipa msiyadai mpaka nimalize. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna taratibu, maana katika hadithi hii mtu alipona kwa sababu mwenzake alikuwa anasikiliza.

Makambako palikuwa na yadi ya malori, na langoni mwa yadi palikuwa na benchi la mbao. Hapo walikaa madeiwaka, yaani madereva wenye leseni wasio na gari, wanaosubiri mwenye gari augue au afukuzwe ili wao washike usukani. Siku ninazozisema mimi walikuwa watatu, na wote watatu maisha yalikuwa yamewafika shingoni.

Wa kwanza aliitwa Tusekile, mwanamke wa Rungwe. Huyu alijaliwa masikio. Lori likiwa bado mbali barabarani atakwambia beringi ya tairi la nyuma inakwenda, na fundi akifungua anakuta ndivyo. Miaka mitatu alikaa benchini huku wanawe wakilelewa na bibi yao, na kila akipiga simu yule mdogo humuuliza, "Mama, umepata gari?" Naye hujibu kwamba bado kidogo.

Wa pili alikuwa Shemdoe, mtu wa Lushoto. Huyu alijaliwa kichwa. Aliwahi kufanya kazi kwenye ghala la mafuta, na habari za petroli na mvuke wake alizijua zote. Kazi ilimponyoka alipokataa kupitisha gari bovu. Pale yadi alimkosoa kila mtu, nao walimwita Profesa wakamcheka mpaka akajifunza kukaa kimya.

Wa tatu ni Magafu, wa Ukerewe. Yeye alijaliwa pumzi. Kwao ziwani alikuwa akizamia nyavu zilizonasa chini, akakaa huko mpaka walio juu ya mtumbwi wanaanza kulia. Benchini aliuza saa, akauza koti, mwisho akauza viatu. Alikuwa anakuja yadi na kandambili, na dereva wa lori mwenye kandambili hapewi gari na mtu yeyote.

Sasa niwaambie jambo la aibu. Kwenye benchi lile watu walisali, lakini sala zao hazikuwa nzuri. Deiwaka hapati usukani mpaka mwingine aukose. Wote watatu walilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Ndani ya yadi alikuwamo Mzee Nyagawa. Miaka ishirini na miwili alipeleka mafuta Zambia na Kongo, na hakuwahi kumwaga hata galoni moja. Alikuwa akiwanunulia wale watatu chai bila kuwasimanga. Siku hiyo alikuwa ametoka kushusha petroli, na tajiri wake akapiga simu: safari inayofuata ni dizeli, tangi likaushwe leo leo, wanaopakia hawapokei tangi lenye mabaki.

Tangi hukaushwa kwa kupulizwa hewa siku nzima. Lakini tajiri alikuwa na haraka, na mzee akafanya wanavyofanya wengi. Alichukua matambara na ndoo ya plastiki, akapanda juu, akafungua mfuniko, akaingia mwenyewe. Wageni wa kazi hii hudhani tangi lililojaa ndilo la kuogopwa. Kumbe lililo tupu ndilo linaloua, kwa sababu mafuta yameondoka na mvuke umebaki, na jua la saa saba linauchemsha.

Yadi ile ilikuwa na kanuni yake. Anayeingia tangini anaingia na mwiko wa mti, kwa kuwa chuma kwa chuma hutoa cheche, na kila baada ya muda anagonga ukuta kutoka ndani. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kugonga. Ya Nyagawa ilikuwa mapigo matatu: mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Juu mfunikoni hukaa mtu wa kusikiliza. Siku hiyo alikaa mwanawe, Erasto, mtu mzima wa miaka thelathini, lakini baba alimtuma dukani kuongeza matambara, naye akaenda. Hapo ndipo palipoharibika.

Ko-ko, ko. Ko-ko, ko. Kisha kimya.

Yadi ilikuwa na kelele za jenereta, za mafundi, za redio ya muuza chipsi. Katika zogo lote hilo ni Tusekile peke yake aliyegundua kwamba kuna mlio umekoma. Aliinuka akasema, "Mzee kanyamaza." Watu wakamwangalia tu. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya kumwita mfu, "Nyagawa kanyamaza, jamani, yumo ndani!" Bila masikio hayo wangemkuta jioni.

Erasto alirudi mbio, akayatupa matambara, akapanda ngazi na kutumbukiza miguu yote miwili kwenye tundu. Shemdoe alimfuata akamdaka mkanda. "Ukiingia hivyo utalala juu yake," alimwambia. Erasto akamng'ata mkono mpaka damu, akilia kwamba ni baba yake. Shemdoe hakumwachia. Huku ameng'atwa hivyo aliamuru kamba iletwe, majiko yazimwe, simu zizimwe, mifuniko yote ya juu ifunguliwe. Akauliza, "Nani anaweza kukaa bila kuvuta pumzi?"

Magafu alishavua kandambili. Alivuta hewa akajaza kifua, akashuka na kamba, akamfunga mzee makwapani, akatoka. Wakavuta. Mzee alifika karibu na tundu, suruali ikanasa kwenye kizuizi cha chuma cha ndani, kamba ikateleza, akaanguka tena chini. Magafu hakungoja kupumzika. Aliingia mara ya pili na kifua nusu, akaichana ile suruali, akafunga upya, na kule chini pumzi ikamwishia. Alivuta moja tu ya mle ndani. Walimtoa mzee, kisha wakamtoa yeye akitambaa, macho mekundu.

Mzee alikuwa hapumui. Na hapa watu wa malori tuna ujinga wetu: mtu akivuta sumu, tunakimbilia maziwa. Kikombe kilishaletwa, mmoja kambana mzee taya, mwingine anataka kummiminia. Shemdoe akakipiga teke kikombe. "Mtamzamisha kwenye nchi kavu," alisema. Alimlaza sawasawa akampulizia hewa mdomoni, akapuliza mpaka watu wakaanza kunong'onezana kwamba aache, mzee amekwenda. Hakuacha. Mwishowe Nyagawa akakohoa.

Alipona, lakini si kama zamani. Mganga wa kituo cha afya alimwambia wazi kuwa kichwa kitaendelea kumzunguka, na lori asiliguse tena.

Siku ya tatu tajiri akapiga simu. Alikuwa na desturi kwamba dereva wake akistaafu humkabidhi ufunguo amtakaye, na yeye habishi. "Gari limelala siku tatu," alisema. "Chagua mtu unayemwamini, aondoke leo. Mmoja tu. Gari ni moja."

Mzee aliwaita wote watatu sebuleni kwake. Ufunguo aliuweka mezani, na Erasto alikuwa nje, gari limewashwa, likingoja. Mzee akasema, "Wanangu, angekosekana hata mmoja wenu nisingekuwa hapa. Siwezi kuwapima. Kila mtu aniambie kwa nini nimpe yeye."

Aliyeanza ni Tusekile, na hakusema alichotarajiwa.

"Mzee, mimi nilisikia umenyamaza nikabaki nimekaa," alisema. "Nilihesabu pumzi zangu mpaka sita. Nilikuwa nakiona kiti chako kitupu. Namuona mwanangu ananiuliza, nami namjibu ndiyo, nimepata. Ya saba ndiyo iliyoninyanyua. Wenzangu wanadhani nilisema palepale. Sikusema palepale." Akafunika uso kwa khanga, akalia.

Shemdoe aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji. "Mimi nilikuona unapanda na ndoo," alisema. "Nilijua unachokwenda kufanya na nilijua jua lilivyo. Neno moja lingetosha. Lakini juzi yake ulicheka nao waliponiita Profesa, nami nikasema moyoni, acha aende. Nilikuokoa kutoka kwenye shimo nililokuacha uingie."

Magafu alitaka kuzungumza, akakohoa kwanza, kikohozi kirefu kilichomkunja. Tangu siku ile kilikuwa hakijamwacha. "Mara ya kwanza niliingia kwa sababu ni wewe," alisema. "Mara ya pili nilikuwa nimechoka. Nikawaza, nikimtoa huyu hawezi kuninyima gari. Niliingia kwa ajili ya gari, mzee. Nisamehe." Kisha akaongeza kwamba kikohozi si kitu, kitapona, anaweza kuondoka hata sasa hivi. Wote walijua anaogopa.

Mzee Nyagawa aliwatazama mmoja mmoja. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Kumbe nilikuwa nakaa na watu wenye njaa," alisema, "na mimi nawanunulia chai." Nje Erasto akapiga honi. Simu ya tajiri ikaanza kuita juu ya meza, pembeni ya ufunguo. Mzee akaunyanyua ufunguo, akawa anaugonga mezani bila kujua: mapigo mawili ya haraka, moja la kuchelewa.

Mimi nimeishia hapo. Msinitazame hivyo, sina kingine mfukoni.

Yupo aliyesikia, akachelewa pumzi sita, lakini akasema. Yupo aliyejua, akanyamaza kwa kinyongo, kisha akazuia kifo cha pili na kukifukuza cha kwanza kwa mdomo wake. Yupo aliyeingia mara mbili, ya pili kwa tamaa, na kifua chake kimebaki mle ndani. Na wote watatu, mzee angekufa, benchi lingepungua mtu mmoja na asingelaumiwa yeyote.

Honi inalia. Nyoosha mkono wako, chukua huo ufunguo. Utauweka kiganjani mwa nani? Na ukishauweka, usikimbie. Wageukie wale wawili wanaorudi benchini, uwatazame machoni, uwaambie kwa nini si wao.

Haya. Nani anaanza?