Mkunga Hazalishi Mwizi

"Mkunga hazalishi mwizi." Mmetoka mkutanoni mbio, mnahema, mnaniambia kijana Togolai amekamatwa ameiba koki ya bomba la kijiji, watu wanataka afukuzwe, na mzee mmoja akasimama akasema maneno hayo matatu, wote wakanyamaza. Mnataka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni. Wewe Naetwe, sogeza sinia la maharage tuchambue huku nikisimulia. Ile ya kutotukana wakunga na uzazi ungalipo mnaijua. Hii ni ndugu yake, na imezaliwa hapahapa kwetu milimani. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za bibi wa bibi yangu, kabla ya bomba, maji ya kijiji yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa la juu ambalo siku hizi mnakwenda kuogelea mkidhani sijui. Usiku kijito kililijaza, asubuhi likafunguliwa, na maji yakashuka kwa mfereji mmoja mpaka mashambani. Kila ukoo ulikuwa na siku yake. Hapakuwa na mlinzi wala kufuli, palikuwa na zamu tu. Aliyeiba kuku alilipa kuku, akachekwa, yakaisha. Lakini aliyeiba zamu ya maji aliiba chakula cha ukoo mzima kwa siku moja. Akikamatwa mara ya tatu, alifukuzwa kwa mawe mpaka kule chini nyikani, kwenye jua na simba, na jina lake halikutajwa tena.

Basi, palikuwa na mwanamume akiitwa Kajiru. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mvivu wa jembe, mwepesi wa miguu. Alikwisha kukamatwa mara mbili. Mwaka mmoja wa ukame, maharage ndiyo kwanza yanatoa maua, siku ya zamu ya ukoo wa mzee Mbonea, Kajiru akabomoa ukingo wa mfereji na kuyaelekeza maji yote shambani kwake. Huko chini mfereji ukakauka kau! Mbonea aliyekuwa akisubiri na jembe lake akaona vyura wanarukaruka kwenye tope. Akaufuata mfereji kupanda juu, akamkuta Kajiru amesimama katikati ya maharage yake, maji yakimfika vifundoni.

Yowe! Wanaume wakatupa majembe, wakaokota mawe. Kajiru akatimua mbio. Jamani, mbio! Akashuka kilima, akaruka ua, akapenya migombani, mawe yakimpita masikioni vuu, vuu! Mbele yake ikatokea nyumba ambayo mlangoni pametundikwa tawi bichi. Kajiru hakuwa na nafasi ya kutazama matawi. Alisukuma mlango akaingia. Nayo ilikuwa nyumba ya Mbonea mwenyewe!

Tawi bichi mlangoni lilikuwa na maana moja: humu mna mwanamke anajifungua. Mwanamume haingii, na jiwe halirushwi kwenye nyumba hiyo hata kama ndani mna chui. Umati ukakwama uani, mawe mikononi, hasira zinachemka.

Ndani alikuwemo Namkunda, mkamwana wa Mbonea, akihangaika na uzazi wake wa kwanza tangu alfajiri. Pamoja naye alikuwa mkunga, Bibi Nakiete. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mpenda ugoro, na mikono yake ndiyo iliyompokea karibu kila mtu wa kijiji kile. Alimtazama Kajiru alivyojibwaga sakafuni, akamgeukia tena mzazi wake.

"Funga mlango," akasema. "Unaniingizia vumbi."

Mambo yalikuwa mabaya. Midomo ya Namkunda ilikuwa imekauka, nguvu za kusukuma zimemwishia, na mtungi wa maji ulikuwa mtupu, kwa sababu nyumba ile ilichota maji mferejini. Nakiete akapaza sauti dirishani, "Leteni maji! Mzazi anazimia!"

"Yatoke wapi?" akajibu Mbonea kwa uchungu. "Mfereji umekauka! Muulize huyo uliyemficha! Mtoe kwanza!"

Watu wakatazamana. Kutoka pale mpaka kwenye ukingo uliobomolewa palikuwa na mwendo, na kila mmoja alingoja mwenzake aende, asije yeye akakosa kurusha jiwe lake. Na nawaambia, wale walikuwa watu wema. Ni babu zenu.

Nakiete akageuka. "Umesikia, Kajiru. Maji umeyapeleka wapi?"

"Shambani kwangu, bibi. Hapo juu ya migomba."

Akamtupia kibuyu. "Mlango wa nyuma ule pale, hakuna anayeulinda. Lete maji."

Kajiru akakitazama kibuyu, akautazama mlango. "Bibi, mtu kama mimi akitoka hapo, atarudi kweli? Wataniua."

"Sikukuuliza utafanya nini. Nimesema lete maji. Mikono hii ilikupokea wewe. Nilikujua kabla hujajijua. Haya, kimbia!"

Akatoka. Kwa mkono wa kushoto kulikuwa na njia ya kwenda ng'ambo ya bonde kwa wajomba zake, na huko hakuna aliyejua habari za wizi wake. Kwa mkono wa kulia kulikuwa na kilima, na maji.

Haukupita muda, mtu mmoja akazunguka nyuma ya nyumba. "Mlango wa nyuma uko wazi! Ametoroka!" Hee! Zikavuma kelele. "Nakiete amemtorosha mwizi!" Mbonea akashika kichwa. "Umemwamini Kajiru? Kajiru! Kati ya watu wote wa Mungu!"

Ndani, Namkunda alikuwa kimya sasa, na ukimya huo ndio uliomwogopesha mkunga. Akampepea kwa upande wa nguo yake, huku moyoni akimfuata Kajiru hatua kwa hatua: sasa yuko migombani, sasa anapanda, sasa amefika. Na kama hakufika? Alikuja kukiri mwenyewe baadaye kwamba pale aliogopa sana, na akamwomba Mungu kwa sauti.

Mara huko uani mtu akainua mkono. "Nyamazeni! Sikieni!"

Watu wa maji hawaambiwi mara mbili. Wakasikia mchakacho mdogo kule juu, kisha mlio ambao kila mmoja wao aliujua tangu utotoni. Mfereji! Maji yalikuwa yanashuka, mbele matope na majani makavu, nyuma maji safi, yanakimbia kabisa! Na kando yake, juu ya ukingo, alikuwa anakimbia Kajiru, kifua wazi, matope mpaka shingoni, kibuyu amekikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa ameuziba ukingo alioubomoa, kwa mawe na udongo na nguo yake aliyoivua mwilini. Wala hakuzunguka kwenda mlango wa nyuma. Alipita katikati ya watu wenye mawe, kwa sababu mlango wa mbele ndio uliokuwa karibu.

Wakampisha. Hata leo hakuna anayejua nani alianza kupisha.

Namkunda akalowanishwa midomo, akanywa, akanywa tena, macho yakafunguka. Kajiru alisimama ukutani amekipa kitanda mgongo. Na kabla jua halijasogea sana, mtoto akalia! Msichana! Vigelegele vikapanda mpaka ndiva, nao wanaume wakarukaruka na mawe yao mikononi wamesahau wameyashikia nini.

Mbonea akafuta machozi, akasogea mlangoni. "Bibi, Mungu akupe umri. Umenipa mjukuu. Lakini mwizi ni mwizi, na hii ni mara ya tatu. Mtoe."

Nakiete akatoka na kitoto mikononi. "Mbonea, katika kijiji hiki nimepokea watoto hata nimepoteza hesabu. Nimepokea viziwi, nimepokea mapacha, nimepokea mmoja mwenye vidole sita. Mwizi sijampokea hata mmoja. Kila mmoja alikuja na pumzi ya Mungu puani, basi."

"Sasa wizi wa Kajiru umetoka wapi?"

"Tope la mferejini linatoka wapi? Maji yanatoka ndiva yakiwa safi, tope linaingia njiani. Nani kati yenu humwaga maji kwa sababu yana tope? Mnayaacha yatulie, mnakunywa. Nilimfungulia mlango, akarudi. Nani alimrudisha, kama si yule niliyempokea mimi?" Akamsogelea mpaka mtoto akawa karibu na kifua cha mzee. "Na wewe pia nilikupokea. Hukuzaliwa na jiwe mkononi."

Mbonea akautazama mkono wake. Jiwe bado lilikuwamo. Akainama, akaliweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kisha akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mjukuu.

Msidhani Kajiru aligeuka malaika. Alilima shamba la Mbonea msimu mzima kulipia zamu aliyoiba, akinung'unika kila siku, na uvivu alizikwa nao. Lakini walimpa kazi ya kufungua ndiva, na kwa muda wote wa uhai wake hakuna nyumba iliyokosa zamu.

Enhe, Naetwe, unauliza, "Na Togolai je, bibi?" Mnajua aliyempokea Togolai ni nani? Mvua ilikuwa ya mawe, daraja limechukuliwa na maji, mama yake ameniuma kidole, alama hii hapa. Alipotoka alilia kwa nguvu mpaka mbuzi wakamwitikia, na mimi nikacheka peke yangu kwa furaha. Nani atawaambia hayo huko mkutanoni?

Acheni maharage. Nipeni fimbo yangu na viatu. Koki atairudisha bombani kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, na akinung'unika na anung'unike. Lakini hafukuzwi mtu niliyempokea mimi kabla sijasimama nikasema ninachokijua. Upesi, nishike mkono, twende. Mkunga hazalishi mwizi!