Vyumba Vilivyojaa Spiriti

Wapendwa, leo naomba mnifuate gereji. Najua mmevaa vizuri, kwa hiyo simameni mbali kidogo na mlango, maana humo ndani wanapiga rangi magari, na thina, ile ya kuzimulia rangi, haijali suti ya Jumapili.

Kulikuwa na fundi mmoja, mkono wake mwepesi kuliko wote pale mjini. Gari lililogongwa akilipiga rangi yeye, hata mwenye gari hajui tena pa kuonyesha. Lakini kifua chake kilikuwa kimechoka. Alikohoa akila, alikohoa akilala, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba akivuta mvuke ule mwaka mmoja zaidi, mapafu hayatamrudia. Aache kazi. Sasa aache, afanye nini? Ndiyo kazi pekee ambayo mikono yake iliijua.

Fundi huyu alikuwa na mdogo wake wa kike, anasoma kemia chuoni. Tangu siku ile binti hakuwa na amani. Aliwaza jambo moja tu: ule mvuke wa thina, ambao wenzake darasani wanauita haidrokaboni, akiupatia mahali pa kukaa kabla haujafika kifuani mwa kaka yake, kaka atabaki na kazi na atabaki na pumzi.

Akatengeneza unga. Msiogope, sitawapa mtihani. Chukua chembe za shaba, ziunganishe kwa vijiti vidogo vya kaboni, kona kwa kona, kama mafundi wanavyofunga jukwaa la kujengea ghorofa. Jukwaa ni miti michache na nafasi nyingi, sivyo? Unga ule ulikuwa hivyo, umejaa vyumba visivyoonekana kwa macho. Kuta za kijiko kimoja, ukizitandaza chini, zingekaribia kufunika uwanja wa mpira. Mvuke ukiingia humo unajibandika ukutani, unatulia.

Binti aliupenda ule unga. Ulikuwa wa samawati, unameta. Aliuosha kwa spiriti mara saba, ukatakata. Maelekezo yalisema ukishaoshwa utiwe kwenye tanuri, na hapo moyo ulimshinda. Apeleke kitu kizuri vile kwenye moto? Akauanika kwenye karatasi ukakauka, akaupakia kwenye barakoa, akampelekea kaka yake.

Fundi akavaa, akapiga rangi mlango mmoja wa gari, akavua. Alimtazama mdogo wake kwanza kabla ya kusema.

"Nasikia thina ileile, mdogo wangu. Na juu yake nasikia spiriti. Usiumie, umejitahidi."

Binti alilia njia nzima. Alijua unga wake ni dhaifu, na akapanga kuongeza mara mbili. Pale chuoni kulikuwa na fundi wa maabara, mama mtu mzima aliyezoea kuona wanafunzi wakilia. Binti akamsimulia yote. Yule mama habari ya thina hakuigusa kabisa.

"Hiyo spiriti aliyoisikia imetoka wapi?"

"Ni ile niliyooshea, mama. Lakini unga ulikuwa mkavu."

"Mkavu kwa nje. Ndani kila chumba kina mpangaji. Unga wako si dhaifu, mwanangu. Umejaa."

Mmesikia hapo? Thina ilipiga hodi, ikakuta hakuna nafasi, ikapita zake mpaka kifuani mwa mtu. Na vyumba vilijaa nini? Takataka? Vilijaa spiriti safi, ileile iliyouosha.

Basi wakautia kwenye tanuri linalofyonza hewa, kutwa nzima. Binti akawa anachungulia kwenye kioo. Ile samawati yake ikafifia, ikageuka bluu nzito, karibu nyeusi. Alipoupima, karibu theluthi ya uzito ilikuwa imepotea. Akashika kichwa, akijua ameuharibu. Yule mama akamwambia aupakie hivyohivyo, tena upesi, kabla haujavuta unyevu wa hewa.

Safari hii kaka alipiga rangi gari zima. Binti alikaa nje juu ya tairi kuukuu, masikio mlangoni, akingoja kusikia kikohozi. Hakikuja. Kaka alitoka uani, akavua barakoa, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sijasikia kitu." Binti akalia tena, kilio kingine kabisa.

Na mpaka leo kila Ijumaa unga unarudi kwenye tanuri, unaachia ule mvuke, na Jumatatu unaanza upya. Unga uleule.

Sasa tutoke gereji, turudi humu ndani.

Sisi tukiambiwa tujitoe, tunawaza dhambi tu. Tuziache, ndiyo. Lakini leo nawauliza habari ya spiriti. Ule ushuhuda wako wa miaka ishirini iliyopita, ambao tumeusikia kila mkesha mpaka watoto wanaujua. Ile kamati uliyoiongoza ikajenga hili paa. Ni mambo mema, na Mungu alituosha kwayo. Lakini jirani anakuja na msiba wake, hajamaliza hata sentensi, tumeshaanza kumsimulia wa kwetu. Anaondoka na mvuke wake kifuani. Mzee unayecheka pale nyuma, usicheke peke yako. Na mimi nimo. Jumatano mama mmoja alikuja ofisini kwangu alie kidogo, nikamhubiria dakika arobaini. Aliondoka hajalia.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama siku hizi uko kwenye joto, sifa zako zinapungua, watu hawaitambui tena rangi yako, usiseme umeharibika. Huenda vyumba vyako vinafunguliwa, na kuna mtu mahali fulani ambaye pumzi yake inavingoja. Mimi hilo nalishika kwa mikono miwili, na nina furaha nalo.

Ibada ikiisha sitakaa kwa chai. Naenda nyumbani kwa yule mama wa Jumatano. Nitapiga hodi, nitaketi, na nitanyamaza mpaka alie.