Mita Tatu na Nusu

Dogo mlimani, gharika bondeni. Mmemsikia Mama Eliakunda akimwambia mwanawe hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na mkishajua hamtaicheka tena.

Kulikuwa na dada mmoja mjini, jina lake Nakiete, mpole, mtu wa sauti ya chini. Yeye na wenzake kama kumi walitengeneza programu ya simu wakaiita Kengele. Ilikuwa programu huria: haina tajiri, haina mshahara, yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua ndani na kuirekebisha. Kazi yake ilikuwa moja. Watu wa mlimani wanasoma kipimo cha maji mtoni, wanaandika namba kwenye simu, wanabonyeza Tuma, na watu wa bondeni wanajua kama mto umelala au unakuja.

Kila Jumamosi mafundi hao walikutana kuchagua cha kufanya, na Nakiete ndiye aliyeshika orodha ya malalamiko. Sasa walikuwa na desturi yao. Aliyeongeza kitu kipya, jina lake linawekwa ukurasa wa mbele. Aliyerekebisha kilichopo, haandikwi popote. Basi nani angehangaika na viraka? Makubwa yaligombewa, madogo yakalala kwenye orodha mpaka yakaota kuvu.

Katika hayo madogo lilikuwamo la Mzee Sengasu wa Mrindoni, aliyesoma kipimo cha juu kabisa. Mzee aliifanya kazi ile bure kwa sababu moja tu: binti yake Nambike alikuwa ameolewa bondeni, nyumba yake hatua chache kutoka mtoni. Aliandika hivi: "Wanangu, nikiandika namba, kibodi inapanda na kukifunika kitufe cha Tuma. Mimi nimeshajua kuishusha. Asiyejua je?"

"Si anajua? Basi aishushe!" alisema Elineema, kiongozi wao. Watu wakacheka.

"Anasema asiyejua," alisema Nakiete.

"Dada yangu, tuna ramani ya kumaliza hapa. Nyekundu hatari, kijani shwari, mtu anaona bonde zima kwa jicho moja. Hilo la mzee ni dogo. Dogo halikimbii."

Nakiete ndivyo alivyokuwa, neno likimfika kooni analimeza. Akaandika pembeni: dogo, baadaye. Mwaka wa pili mzee akaleta lalamiko lilelile, naye akaandika vilevile. Mwaka wa tatu mzee hakuleta tena.

Masika ya mwaka huo Mzee Sengasu akashikwa na homa. Mvua ilikuwa imekesha. Asubuhi akamtuma mkewe, Bi Nankondo, akasome badala yake. Mama wa watu akashuka mtoni na utelezi ule, akasoma vizuri kabisa: mita tatu na nusu. Hayo ni maji ya kukimbiwa. Akaandika namba. Akatazama kioo cha simu, hakuona cha kubonyeza, akadhani kuandika ndiyo kutuma. Akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akarudi kumuuguza mumewe.

"Nimeshawaambia," alimwambia.

Maji yakitoka Mrindoni huchukua saa nne kufika bondeni. Saa nne mtu anahamisha watoto, mbuzi, hata magodoro. Huko chini jirani alimwita Nambike akamwambia mto unanguruma vibaya. Nambike akatoa simu, akafungua ile ramani mpya. Ilikuwa bado imeshikilia namba ya jana. Bonde zima kijani.

"Wangekuwa wameshasema," alimjibu jirani. "Aliye kule juu ni baba yangu." Akaendelea kupepeta mahindi yake.

Walimpata siku ya pili.

Habari ilipofika mjini, Nakiete hakumwambia mtu. Aliifungua programu, akakipandisha kile kitufe kikakaa juu ya kibodi, akajaribu, kikafanya kazi. Kisha akapanda gari kwenda msibani.

Bi Nankondo alikuwa amekaa mkekani na simu mkononi, anamwonyesha kila anayeingia.

"Niliandika, mwanangu. Tazama. Tatu na nusu. Siyo hii?"

Ilikuwa bado ipo kwenye kisanduku chake, inangoja. Kibodi imeikalia Tuma kama paka juu ya kifuniko cha chungu.

"Uliandika, mama," alisema Nakiete. "Kosa si lako."

Mzee Sengasu alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi. "Wewe ndiye wa ile orodha?"

"Ndiye mimi, babu."

"Mmekirekebisha?"

"Nimekirekebisha."

"Kimekuchukua muda gani?"

Nakiete alitamani kudanganya. Alitamani aseme wiki, aseme mwezi, aseme chochote ambacho mzee angeweza kulala nacho.

"Dakika ishirini, babu."

Mzee hakupaza sauti.

"Kwenu lilikuwa dogo," alisema. "Hata mimi nililiona dogo, ndiyo maana nikaacha kusema. Dogo mlimani, mwanangu. Gharika bondeni."

Jumamosi iliyofuata Nakiete aliisoma orodha ya madogo kwa sauti, kuanzia chini kabisa, yote sitini na moja, na hakuna aliyecheka. Leo kitufe kile anakiona hata asiyejua. Lakini pale Mrindoni kipimo kimesimama majini peke yake. Mzee Sengasu hakushuka tena kukisoma. Walipomfuata kumbembeleza, aliwauliza, "Nimtumie nani?"

Basi mkimsikia mtu anasema "aa, hilo dogo, baadaye," na mwingine anamjibu kwa maneno yale, msicheke. Ni maneno ya baba aliyemzika mwanawe. Dogo mlimani, gharika bondeni.