Nusu ya Sarafu ya Kina Chande

Sarafu ya kiooni haipokei salamu. Methali hii ilianza hivi, nanyi mtaisikiliza mpaka mwisho, maana asubuhi mmeichezea.

Mlimsikia Hemedi akiisema pale mjomba wenu alipofika na gari lake, akabaki ndani vioo vimepandishwa huku wazee wakimpungia mkono. Mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sikuwakataza, mjomba wenu alistahili. Lakini siku maneno hayo yaliposemwa kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Nilikuwepo, nimesimama uani na ndoo tupu. Msidhani methali zote zilizaliwa kabla ya babu zenu; hii mimi ni mkubwa kwake.

Mnakijua kisima cha Mkwajuni. Zamani nyumba yetu, ya kina Likoko, na nyumba ya kina Chande zilikigombea mpaka damu ikamwagika pande zote mbili. Walipochoka kuzika, walikaa wakapatana. Wakati wa kukizibua kile kisima waliokota sarafu moja ya shaba, ya wafalme wa kale, maandishi yake yamelika. Wakamwita mhunzi akaikata katikati kwa patasi. Mkato ulikwenda upande, ukawa na meno meno, na hakuna nusu nyingine duniani inayoweza kuingiana nayo. Kina Chande wakachukua nusu moja, sisi nyingine.

Wakakubaliana kwamba msiba ukiingia nyumba moja, nyumba ya pili ndiyo itakayoteka maji ya kumwoshea maiti na kuchimba kaburi. Lakini kabla ya kazi, nusu zote mbili huwekwa kwenye sinia na kuunganishwa mbele ya watu, mkato kwa mkato. Kuunganisha huko tunakuita kusalimiana kwa sarafu. Zikishasalimiana, hakuna wa kumnyima mwenzake maji.

Nusu ya kina Chande ilikuwa mikononi mwa Mbaraka, mwalimu wa sekondari mjini, mtoto wa pekee wa Bi Esha. Msimfanye mjinga, kwa sababu hakuwa mjinga. Alivipenda vitu vya wazee kuliko wengi wetu. Aliona kutu ya kijani inaila ile shaba, kila akiifungua anakuta unga kwenye kitambaa. Tena siku hizo kulikuwa na watu wanaowauzia wageni sarafu bandia, walizozifukia kwenye chumvi na ndimu mpaka zikaota ukijani. Basi akawa halali vizuri. Mtu mmoja mjini, mjuzi wa sarafu na mwaminifu, akamwambia kuwa ng'ambo wako wataalamu wanaoichunguza sarafu, wanaipa daraja lake la ubora, kisha wanaifungia ndani ya gamba la plastiki linalong'aa kama kioo, mkono usiifikie tena.

Mbaraka alikwenda kumuuliza mama yake. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Hiyo ni ya kuguswa, mwanangu," Bi Esha alimwambia.

"Kuguswa ndiko kunakoimaliza, mama. Na mwizi akiichukua, akatuwekea ya bandia, tutajuaje?"

"Kina Likoko watajua. Nusu yao itajua."

Mbaraka akasema dunia ya leo inataka ushahidi wa watu wasio na upande. Bi Esha hakubishana. Mwanawe ndiye aliyekuwa mtunzaji, naye aliogopa nusu ile isije ikaishia mikononi mwake. Akamruhusu aipeleke.

Ilirudi baada ya miezi kadhaa, imelala katikati ya gamba lake, imependeza, sitasema uongo. Kibandiko kilieleza kwamba sarafu ni halisi, ila imeharibiwa kwa kukatwa, kwa hiyo haikupewa daraja. Hilo lilimuuma Mbaraka kidogo, lakini akaona uhalisi unatosha. Ule mkato waliouona wataalamu kuwa ni uharibifu ndio tuliokuwa tukiutunza miaka yote, na yeye hakuliwaza hilo.

Mwaka ule ule vijana wa kina Chande walifunga pampu kisimani, wakavuta bomba hadi kwao bila kutuuliza. Vijana wetu wakanuna. Maneno ya chini chini yakawa mengi, na salamu njiani zikawa za nusu mdomo.

Hapo ndipo Bi Esha alipofariki.

Tulikwenda kama ilivyo desturi, wanawake na ndoo, wanaume na majembe. Mbele yetu alitangulia shangazi yangu, Bi Tausi, mtunzaji wa nusu yetu, ameifunga kwenye pindo la kanga. Sinia likawekwa uani. Bi Tausi akafungua fundo, akaiweka nusu yetu. Mbaraka akatoka ndani, macho yamemvimba kwa kukesha, akaliweka lile gamba kando yake.

Bi Tausi akaisogeza nusu yetu. Ikagonga plastiki. Akaigeuza, akaisogeza tena polepole, ikagonga tena. Kati ya shaba na shaba palibaki nafasi ya upana wa kidole. Akarudia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani.

"Wamejivutia maji, sasa wamejifungia na sarafu," Hemedi alisema nyuma yetu. Wakati huo alikuwa kijana, damu inachemka. Akaliweka jembe begani. "Tunangoja nini hapa?"

Imamu akatukumbusha kwamba kuosha maiti hakungoji shaba. Ni kweli, dini haikutuzuia. Lakini kila aliyekuwa pale alijua kwamba tukirudi na ndoo tupu siku ile hatutakuja tena, wala wao hawatakuja kwetu, na kisima kitarudi kuwa kile cha zamani. Na ndani Bi Esha alikuwa amelala, anangoja maji. Roho iliniuma mno.

"Ni ile ile, shangazi," Mbaraka alisema. "Wataalamu wamethibitisha. Wameandika kabisa kwamba ni ya kweli."

"Nakuamini, mwanangu. Naiona. Lakini sikuja kuiona." Bi Tausi aliliwekea lile gamba mkono juu, kwa upole. "Nusu yangu imekuja kumsalimu mama yako. Sarafu ya kiooni haipokei salamu."

Mbaraka akaliinua gamba kutoka kwenye sinia. Alijua akilivunja gamba, ule uthibitisho wote umekwisha. Alijua pia ile shaba imeliwa, imekuwa nyembamba.

"Na ikivunjika?" aliuliza.

"Tutaunga vipande. Tumezoea."

Akainuka, akamfuata Hemedi. "Naomba jembe lako."

Hemedi akalishusha, akampa. Mbaraka akaliweka gamba kwenye jiwe la mlangoni, akaligonga kwa kisogo cha jembe. Likachubuka tu. Akaligonga tena, likapasuka. Akalibandua kwa vidole, kimoja kikachanika, wala hakujali. Akaichukua nusu yao kwa mkono mtupu, akaja nayo hadi kwenye sinia, akaisogeza. Meno yakaingiana.

Hapo ndipo Mbaraka alipolia, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alisema "Mama," basi. Nasi tukalia naye.

Hemedi akalipokea jembe lake na kuomba kipimo cha maiti, wakaenda kuchimba. Vijana wa kina Chande wakaizima pampu wenyewe, tukateka kwa kamba, na maji ya kwanza niliyapeleka mimi.

Sarafu haijapona. Kutu ingali inaila, na huenda wajukuu zenu wakakuta unga mtupu kwenye kitambaa. Mbaraka analijua hilo kuliko sote, na kila msiba anaileta mwenyewe, mkononi.

Hemedi aliyemtupia mjomba wenu yale maneno asubuhi ndiye huyo huyo wa jembe begani. Ninyi mlicheka, yeye hakucheka, mngemtazama mngeona. Anakumbuka kwamba ilibaki kidogo tu Bi Esha azikwe na mikono isiyo yetu, na mguu uliokuwa umeshageuka kuondoka ulikuwa wake. Mjomba wenu yumo garini mpaka sasa. Nendeni mkamgongee kioo, taratibu, na akiwauliza mnataka nini, mwambieni bila kucheka: sarafu ya kiooni haipokei salamu.